Tulienda kutafuta mkebe kando ya mto Machakos, tukaishia kutafuta meno

Wakuu, salamu kutoka Ukambani. Nimesoma vituko vyenu wiki nzima nikicheka peke yangu, leo acha nilipe. Hii sikuhadithiwa. Nilikuwepo.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, wakati simu kali ilikuwa ile ya kufunua. Dada yangu Mwende alikuja likizo kutoka majuu na kamashine ka GPS kanaingia kwa kiganja.

Akatuambia kuna mchezo unaitwa geocaching. Mtu anaficha mkebe, anaandika coordinates, zile namba za mahali ulipo, halafu wengine wanafuata mashine mpaka waupate. Ndani kuna vitu vidogo vidogo. Ukichukua kimoja, unaacha kingine.

Mke wangu akauliza, "Na mkishaupata?"

"Mnaurudisha palepale."

"Sasa mnautafuta wa nini?"

Mwende akabadilisha story.

Anyway, Jumapili baada ya kanisa tukatoka. Mwende alikuwa ameshaficha mkebe wake kando ya ule mto mdogo unaopita nyuma ya mji. Tulikuwa mimi, mke wangu, wasichana wetu wawili, Mwende, na mama yetu, ambaye sisi humwita Mwaitu.

Mwaitu hakualikwa. Alisema tu hawezi kuachwa nyumbani na redio, akajitupia leso mabegani, tukaenda.

Kama unaujua huo mto, unajua si wa kuwekwa kwa kalenda. Maji kidogo, mchanga mwingi, vijana wanaosha pikipiki upande mmoja, na kingo zote zimelimwa sukuma, nduma na nepia ya kulisha ng'ombe. Kila kipande kiko na mwenyewe, na hakuna mwenye karatasi ya shamba hata moja.

Hiyo ndio kitu tulisahau.

Watoto wameshika mashine wanapiga kelele, "Mita ishirini! Kumi na tano!" Mwende ananyoosha mkono huku na kule. Mimi nimeokota kijiti, nachomachoma nyasi.

Wakuu, ukituangalia kutoka mbali, tulikuwa surveyors kamili.

Mama mmoja akainuka katikati ya sukuma na jembe mkononi. Baadaye tulijua anaitwa Mama Ndinda.

"Mnapima nini hapo?"

Mwende akajibu, "Hatupimi, mama. Tunatafuta point."

Point! Neno lenyewe la wapima ardhi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mama Ndinda akapiga nduru kwa Kikamba, kwamba wale wa kunyakua mto wamefika. Watu wakatoka ndani ya nepia kama siafu. Wa pikipiki wakaacha pikipiki na povu lake. Mzee mmoja wa panga akasema wamefukuzwa hapo mara nyingi na leo hatoki mtu. Mwingine akataka mashine itupwe majini, na sisi tuifuate.

Nikajaribu kueleza. Wakuu, msijaribu kumwelezea geocaching mtu aliyeshika panga.

"Tulificha mkebe, sasa tunautafuta."

"Mliuficha wenyewe?" mzee akauliza.

"Ndio."

"Na hamjui uko wapi?"

Hata mimi nilijisikia mwongo. Msichana wetu mdogo akaanza kulia. Mke wangu akanishika mkono kwa nguvu, na wale watu wakazidi kusogea.

Mwaitu alikuwa nyuma yetu, kando ya nduma. Nikamwona amegeuka, amejifunika uso na leso. Nikadhani naye analia.

Alipotugeukia, mashavu yalikuwa yameingia ndani.

"Wanangu, waacheni hawa. Ni meno yangu."

Wakuu, safu yote ya juu haikuwepo! Nimekula muthokoi wa mahindi makavu na huyo mama maisha yangu yote na sikuwahi kujua meno yake ni ya kubandika. Nikamwangalia Mwende. Naye hakujua.

"Yaliniruka hapa jana nikipiga chafya," Mwaitu akaendelea, maneno yakimponyoka. "Msichana wangu amekuja na mashine ya kuyatafuta. Wanaona aibu kuwaambia."

Yule mzee akaficha panga nyuma ya mgongo. "Pole sana, mama. Yana rangi gani?"

"Ya meno."

Basi mto mzima ukaanza kazi. Vijana wakakunja suruali wakaingia majini. Mzee akafyeka nepia yake mwenyewe. Mimi nikainama nikatafuta pia. Ungefanya nini? Mke wangu alikuwa amebana kicheko hadi machozi yanatoka, na watu wakampa pole.

Mara kijana mmoja akapaza sauti kwamba kuna kitu chini ya mzizi. Mkebe wa Mwende!

Sijui Mwaitu alifika vipi kabla ya watu wote. Akaunyakua, akatugeuzia mgongo, akapekua chini ya leso.

"Haya hapa!"

Akayainua juu kama kombe. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza meno yaliingiaje kwa mkebe uliofunikwa, pamoja na mwanasesere na penseli mbili.

Tukaondoka kwa ile haraka ya mtu asiyetaka kuonekana anakimbia. Mama Ndinda akatufuata. Akamsogelea Mwaitu akanong'ona, lakini nilikuwa karibu nikasikia.

"Nilikuona ukiyatoa."

Mwaitu akasimama. "Na ukanyamaza?"

"Nilitaka kuona utafika wapi."

Wamama wale walicheka mpaka wakashikana mabega wasianguke. Mama Ndinda akarudi shambani, akakata sukuma mkono mzima, akampatia.

"Siku wa kupima wa ukweli wakija, nitakuita," akamwambia. "Kuja na hayo meno."

"Niite tu," Mwaitu akasema.

Nilichojifunza: kama unaingia mahali watu wamelima, weka mashine mfukoni kwanza, salimia, ujieleze. Wale watu hawakuwa wabaya. Walikuwa wanaogopa, na walikuwa na sababu.

Na mzazi wako, usidhani umemaliza kumjua.

Haya, uwanja ni wenu. Nani mwingine humu aliwahi kuokolewa na mamake kwa uongo mtupu, mchana kweupe, mara tu baada ya kutoka kanisani?