Kinyozi wa Bungulu na Sauti za Marais

Kinyozi wetu wa Bungulu, hapa Beni, husimulia marais wa nchi hii huku wembe wake uko kooni mwako. Miaka haitaji. Hupangusa wembe kwenye mkono wa shati, huinua kidevu chako kwa kidole chenye baridi, na mara rais aliyekwisha kuzikwa huanza kuzungumza nyuma ya kisogo chako, anakohoa alivyokuwa akikohoa, analivuta neno la Kifaransa mpaka watu wa benchini wanakaa wima kama wako kwenye mkutano. Wengi wao shule hawakuimaliza; marais wamewajulia hapo. Siku moja askari wa waasi wanaotutawala alimtaka amwigize rais aliyekuwa madarakani, yule wa Kinshasa, wapate kumcheka.

“Ule angali muzima, chef,” kinyozi akajibu. “Mie naigaka tu bale balikufa.”

Jumanne moja ya Januari 2001, mchana, kitini nilikuwa mimi. Alipangusa wembe, akaniinua kidevu, ikatoka sauti nzito yenye kicheko cha tumboni, ile ya yule wa Kinshasa tuliyoijua kwa redio, ambayo kinywani mwa kinyozi hatukuwahi kuisikia. Askari yule yule, aliyekuwa akingoja zamu yake, alicheka kwanza. Halafu akaacha, akasimama na bunduki yake.

“Papa,” nikasema polepole, kwa ajili ya wembe, “si ulisema ule angali muzima?”

Mkono wake ukasita kooni mwangu. Akageukia redio ya dirishani, iliyokuwa ikipiga rumba kama kawaida.

“Bado habayasema?” akauliza.