Mstari wa Mzee Dawudi

Mkewe Zulaika alipokufa, Mzee Dawudi hakulia mbele ya watu. Alikaa kwenye mkeka, akapokea mikono ya pole. Siku ya dua ya arobaini watu walizidi, na hapo ndipo mashaka yalipomwingia.

Hajji Abdul-Latif, mwenyekiti wa kamati ya shule, alikula pilau, akanawa. Wenzake wakaaga. Yeye akabaki.

"Mzee wangu," alisema, "kiti cha marehemu kwenye kamati kiko wazi. Wazazi watachagua mwingine. Tunakutaka wewe."

"Mimi sikusoma."

"Kamati inataka heshima, si kusoma. Wewe utakaa tu, baba. Mengine tutafanya sisi."

Utakaa tu. Neno hilo halikumshuka kooni. Maisha yake yote Dawudi alikuwa dereva wa lori, Kampala hadi Juba, na hakuna aliyewahi kumbembeleza ili akae tu.

Hata hivyo alikubali. Kiti kilikuwa cha Zulaika. Na lilikuwepo jambo la mlango.

Shule ile ina milango miwili. Wa juu unatazama barabara kubwa, yenye taksi na boda zinazokimbizana. Wa chini unatazama vichochoro vya mafundi chuma wa mtaa wa Katwe. Watoto wa bondeni hupita huo wa chini, na Nuriat, mjukuu wa Dawudi, yumo. Kila mwaka alitokea mtu kwenye kamati aliyetaka mlango wa chini uzibwe, na kila mwaka Zulaika alisema hapana. Wakimzunguka, anasema tena hapana. Sasa hayupo.

Wiki ileile matofali yakamwagwa kando ya mlango wa chini.

"Ya vyoo hayo," Hajji alimwambia.

Vyoo viko juu.

Kisha nyumbani akaja Mahfudha, wanayemwita Mama Junaid, muuza mihogo ya kukaanga palepale mlangoni. Alikuta vyombo vichafu, akaviosha bila kuombwa. Hilo nalo Dawudi akalitilia shaka.

"Baba, na mimi nagombea kile kiti," alisema. "Nakuomba usisimame. Wanataka kuziba mlango, Hajji ajenge maduka pale. Wanakutaka wewe kwa sababu husemi."

"Na mlango ukizibwa, mihogo yako utamuuzia nani?"

Mahfudha alicheka mpaka sufuria ikamponyoka. "Eh! Kumbe ulimi unao! Ndiyo, nitalala njaa. Lakini na mwanangu anapita pale. Mtu hawezi kuwa na sababu mbili?"

Anaweza, Dawudi aliwaza baada ya yule mama kuondoka. Anaweza pia kuwa na moja, ya pili akaazima. Akaamua kutomwamini yeyote.

Siku ya uchaguzi wazazi walijaa uwanjani. Mwalimu mkuu, Wanyama, akaeleza utaratibu: wagombea wawili wasimame mbele, waelekee ukuta, na kila mzazi ajipange nyuma ya anayemtaka.

"Mgombea asigeuke," alisema, "asije akamtisha mtu kwa macho."

Dawudi akasimama. Mbele yake ukuta, rangi imebambuka. Nyuma akasikia viatu vinajipanga, viatu vya ngozi. Manukato yakamfikia. Akamsikia Hajji akinong'ona, "Huku, huku, kwa mzee." Mstari ukarefuka. Mgombea mwingine angefurahi. Yeye alikuwa anangoja sauti moja ya jirani, kikohozi kimoja anachokijua. Hakikuja.

Akageuka.

"Mzee! Usigeuke!"

"Nimeendesha lori tangu ujana, mwalimu. Siendi bila kuangalia nyuma."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Nyuma yake walikuwa wale wageni wa arobaini, waliokuja na magari. Nyuma ya Mahfudha walikuwa watu wa bondeni, miguu peku na sapatu. Kati yao aliwaona wanawake waliomwosha Zulaika na kumvika sanda. Wote walikuwa kule.

Waliokula pilau wako kwangu, alijiambia. Waliomwosha mke wangu wako kule.

Akaacha nafasi yake. Akatembea polepole hadi mwisho wa mstari wa Mahfudha, akasimama nyuma ya mama mwenye mtoto mgongoni.

"Mzee, wewe ni mgombea!" Hajji alisema, uso umembadilika.

"Nina mjukuu hapa. Na mimi ni mzazi."

"Sisi tumekuheshimu. Tumekuja kwako, tumekula kwako..."

"Mmekula. Nani aliwanyima?"

Sasa ule mstari mrefu ulikuwa umeuelekea ukuta mtupu. Watu wakatazamana. Mmoja akatoka, akavuka huku anaangalia chini. Wengine wakamfuata. Wengine wakaenda kwenye magari yao. Wanyama akahesabu, akarudia kuhesabu kwa sababu Hajji alitaka arudie, kisha akalitaja jina la Mahfudha.

Mahfudha akaja kumpigia magoti. "Asante, baba."

"Usinishukuru. Bado sijakuamini."

"Basi nichunge."

Akamchunga. Kila kamati ilipokaa, Dawudi alimngojea kwenye kona akirudi. Hakuuliza habari za karo wala za uji wa watoto.

"Mlango?"

"Uko wazi, baba. Safari iliyopita walileta maneno ya mafuriko, leo wameleta ya wezi. Nimesema hapana. Hajji akauliza tena, nikasema hapana. Akaleta soda. Nikanywa, nikasema hapana."

Dawudi akageuza uso kidogo, akafuta jicho kwa pindo la kanzu. Kiti kile kilikuwa kimezoea neno hilo.

"Vizuri," alisema.

"Sasa unaniamini?"

Dawudi alikuwa ameshaanza kushuka bondeni, kwenda kuutazama mlango mwenyewe.