Nyumba Waliyomjengea Fundi

Mara ya kwanza nilifika kijijini pale kwa kazi ya siku moja. Nilikuwa nimeajiriwa Dar es Salaam na kampuni ndogo iliyouza mashine za kukoboa mpunga. Wakulima wa vijiji vinne vya upande wa Mlimba walikuwa wameungana wakanunua mashine kubwa, inayokoboa na kupanga mchele kwa madaraja, maana walichoka kuona mpunga wao unabebwa na kwenda kukobolewa mbali kisha unaitwa mchele wa kwingine. Mashine ilifanya kazi msimu mmoja ikasimama. Walisubiri fundi wiki tano. Fundi mwenyewe ndiye mimi, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mfupi, mzaliwa wa Iramba, nimebeba begi la spana. Niliposhuka kwenye treni, waliokuja kunipokea walichungulia nyuma yangu wakimtafuta mwanaume.

Tatizo halikuwa kubwa. Beringi moja ilikuwa imekufa na mkanda ulikuwa umefungwa vibaya. Kabla ya saa tisa alasiri mashine ilikuwa inanguruma, mchele unatoka mweupe bila chenga, na watu wanaukinga kwa viganja kama vile hawajawahi kuuona. Mwenyekiti wa umoja wao, mama mtu mzima ambaye familia yake ilitoka Mahenge ikavuka mto pale Kivukoni akiwa bado msichana, ndiye aliyenimiminia maji ninawe grisi. Alinitazama mikono kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "wewe ukijengewa nyumba hapa, utakaa?"

"Nijengeeni," nikamjibu huku nacheka.

Ulikuwa utani. Niliondoka kesho yake na sikuufikiria tena.

Miezi minane baadaye simu yangu iliita nikiwa kazini. Ilikuwa sauti ya yule mama, nyuma yake watu wanaongea kwa pamoja.

"Fundi, tumeshapaua. Milango tupake rangi gani?"

Nilitoka nje ya karakana nikasimama kwenye jua. Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba kimoja Mbagala, na mwenye nyumba alikuwa ananiita "wa chumba cha tatu". Hakuna mtu aliyewahi kunichomea tofali. Nikasema, "Bluu." Basi, kwa neno hilo nikawa nimekubali.

Baadaye ndipo nilipoelewa jinsi walivyoijenga. Kila kaya ilichoma matofali yake. Wanawake walisomba mchanga kwa ndoo kutoka mtoni. Mbao za mtiki zilitoka kwa watu wenye vishamba vya miti, na lori la kubebea lilitoka parokiani. Msingi ulisimamiwa na katibu wa umoja, mzee Mwislamu kutoka Kigoma, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya miwa ya Kidatu na baada ya kustaafu akahamia huku kulima mpunga. Waliijenga kwa sababu mashine ilikuwa ya kwao lakini haikuwa na mtu. Walisema hivyo hivyo kwenye kikao cha kunipokea: tukipata mtu, wanunuzi watakuja, wanunuzi wakija, hata watoto wetu walioondoka watatazama nyuma.

Nilipokelewa kwa ngoma na jogoo wawili. Kwenye mkutano niliwekewa kiti chenye mto, na kanisani nilipishwa benchi la mbele ingawa mimi ni Mlutheri na kanisa lile ni la Kikatoliki. Siku ya pili, mwanamke wa umri wangu, mwenye mtoto mgongoni, alinikuta kisimani akapiga goti kidogo: "Shikamoo, mtaalamu." Nilishtuka nikaitikia marahaba. Ningemwambia pale pale kwamba sisi ni rika moja, labda mambo yangekwenda vingine. Lakini nilishaitikia. Kuanzia hapo wanawake wote wa umri wangu waliniamkia, na ukishaamkiwa na rika lako, hakuna atakayekuja kukaa barazani kwako kukusuka nywele.

Sikukosa chochote. Chakula kililetwa, wali na kambale wa kukaangwa, kimefunikwa kwa sahani. Aliyekileta alibisha hodi, akakiweka mezani, akaondoka kinyumenyume. Nilisikia watoto wakikaripiwa wasicheze karibu na nyumba ya mtaalamu. Nilikuwa nakula nikiwasikiliza wanacheza mbali.

Msimu wa kukoboa ulikuwa mzuri. Mashine ilifanya kazi toka asubuhi hadi jioni, malori yalikuja, na kwa kuwa kelele ni nyingi mle ndani sikuwa na nafasi ya kuhisi lolote. Ila hakuna aliyekuwa ameniambia habari ya Desemba.

Katika bonde lile watu huhamia mashambani. Mashamba ya mpunga yako mbali, huko tambarare inakofurika, na mvua zikishakolea familia hufunga nyumba zao kijijini na kwenda kuishi kwenye madungu, vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya maji, kulima, kupanda, kupalilia na kufukuza nguruwe na ndege mpaka mavuno. Mimi sikulijua hilo. Nilichoona ni kwamba Jumatatu moja majirani wa kulia walipakia sufuria, kuku na magodoro kwenye baiskeli. Jumatano wakafuata wa kushoto. Mama mwenyekiti alipita kuniaga akiwa na jembe begani.

"Wewe pumzika, mwanangu," aliniambia. "Kazi yako bado."

Kufika Krismasi upande wetu wa kijiji ulikuwa kimya. Wanafunzi na bibi zao walibaki, lakini wao wanakaa kule juu karibu na shule. Kwangu zilikuwa nyumba zilizofungwa kwa makufuli, mashine iliyokuwa haina mpunga wa kukoboa, na mimi. Nililetwa kwa ajili ya watu, kisha watu wakaondoka.

Asubuhi nilikwenda kwenye mashine, nikaipaka grisi ambayo haikuihitaji, nikazungusha puli kwa mkono ili rola zisigande. Nilikuwa naiambia habari za mvua. Mchana nilifua nguo zilezile. Mtandao wa simu ulipatikana stesheni tu, kwa hiyo Jumapili nilitembea hadi pale kumpigia mama yangu.

"Huko una watu?" alikuwa ananiuliza kila mara.

"Ninao, mama. Wengi."

Treni ya abiria ilikuwa inapita, nyuso madirishani zinanitazama, kisha inaelekea Uchindile na reli inabaki peke yake.

Mwezi wa pili nikapata malaria. Sina mengi ya kueleza. Siku tatu nililala, nikaamka kunywa maji, nikalala. Dawa nilikuwa nazo. Siku ya nne homa ilishuka, nikafungua mlango, nikaona kwamba tope la barazani halina unyayo hata mmoja. Siku tatu zilikuwa zimepita na hapana mtu duniani aliyejua kwamba nilikuwa mgonjwa. Sikumkasirikia mtu, kwani hakukuwa na wa kumkasirikia. Nilikaa kizingitini nikalia, kisha nikapanga nguo zangu kwenye begi.

Lakini huwezi kuondoka kwenye nyumba ya watu bila kuaga. Nilimpata mwanamke mmoja aliyerudi kijijini kuchukua unga, nikamfuata hadi mashambani. Tulitembea karibu nusu siku, mahali pengine maji yakifika mapajani, yeye mbele na mzigo kichwani, mimi nyuma na viatu mkononi.

Nilimkuta mama mwenyekiti ameinama kwenye jaruba na wenzake, wanapandikiza kipande cha mwisho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Uso ulimbadilika. "Mashine imeharibika?"

"Mashine ni nzima. Nimekuja kuaga."

Hakuinuka. Alimaliza mstari wake wa miche, mmoja mmoja, ndipo akanawa mikono kwenye maji yale yale na kuja kusimama mbele yangu.

"Kuna mtu amekutukana?"

"Hapana, mama. Hakuna mtu. Hicho ndicho kinachoniondoa. Hakuna mtu." Nikamweleza habari ya homa, na tope lisilo na nyayo.

Alinishika kiwiko akanipeleka dunguni. Alinipa uji. Kisha akazungumza akiwa anatazama maji, si mimi.

"Tulikaa kikao juu yako. Tukasema huyu ni msomi, tusimchoshe, tusimjazie watoto na maneno yetu, asije akatukimbia. Tukakubaliana wote. Mimi nina binti wa umri wako. Anafanya kazi za kompyuta Arusha. Sijawahi kumwambia arudi. Arudi afanye nini? Siku ile nilipokuona umeinama kwenye mashine, nilisema moyoni, basi huyu. Ile nyumba, dirisha la jikoni nililiweka chini kidogo. Yeye ni mfupi kama wewe, hupenda kutazama nje akipika."

Ningependa kusema kwamba maneno yale yalinipa faraja. Kwanza yaliniuma. Dirisha ambalo nilikuwa nikisimama mbele yake kila asubuhi nikidhani limenilenga mimi lilikuwa la mtu mwingine. Nilimwonea huruma mama yule, na papo hapo nikajiona nimelala miezi yote ile kwenye kitanda cha mgeni asiyekuja. Nilimfikiria mama yangu kule Iramba, naye bila shaka ana dirisha lake.

"Leo huwezi kurudi, maji yamejaa," alisema. "Lala hapa. Kesho utaamua."

Kesho yake sikuamua kitu. Nilikunja suruali nikaingia jarubani nao, kwa sababu kukaa dunguni na kuwatazama ilikuwa aibu. Wakanipa fungu la miche. Nilipofika mwisho wa mstari, yule mwanamke aliyewahi kuniamkia kisimani alisimama, akaweka mkono kiunoni, akatazama nilikotoka.

"Dada," akasema, "huu mstari wako ni njia ya ng'ombe."

Wote wakacheka. Hata mimi. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu nihamie bondeni mtu kunicheka, na mara ya kwanza kuitwa dada. Nilikaa mashambani wiki tatu. Begi lilibaki kijijini limefungwa, na niliporudi nikalifungua.

Sitaki kusema upweke uliisha. Nilibaki mtu wa kuja, na Kindamba wanachoongea wakichoka kuongea Kiswahili bado kinanipita. Ila wali ulipoletwa, aliyeuleta sasa alikaa.

Baada ya mavuno umoja uliamua kujenga nyumba ya pili, ya mkunga, kwa sababu zahanati ilikuwa na jengo zuri na mhudumu mmoja aliyeelemewa. Kwa utaratibu wa serikali unaweza kuomba mhudumu, lakini walijua kwamba anayepangiwa huku huja, hutazama, na kuomba uhamisho. Walitaka mtu atakayekubali mwenyewe. Katibu aliniomba niandike barua ya kumshawishi muuguzi mkunga mmoja wa Ifakara ambaye dada yake ameolewa kijiji cha jirani. Niliandika habari ya nyumba, mchele, maji safi. Kisha nikaandika kwamba kuanzia Desemba utabaki karibu peke yako, kwamba watakuheshimu hadi uchoke, na kwamba usikubali kuamkiwa na rika lako hata siku moja.

Katibu aliisoma akavua miwani.

"Fundi, hii barua inafukuza mtu."

"Mzee wangu, wewe ulipofika Kidatu toka Kigoma, kuna aliyekuambia?"

"Nilikula peke yangu mwaka mzima," akasema. "Nilikuwa najifanya nasoma gazeti." Akairudisha karatasi kwenye bahasha bila kufuta neno.

Muuguzi alikuja. Alituambia kwamba sehemu ile ya barua ndiyo iliyomfanya aamini sehemu nyingine. Akafuata utaratibu wote, uhamisho ukachukua karibu mwaka. Siku hizi anakaa nyumba ya pili toka kwangu. Ni mtu mkimya. Jioni hukaa barazani kwangu akichambua mchele, na mara nyingi hatuzungumzi, yeye ana mume aliyebaki Ifakara wa kumuwaza na mimi nina wangu wa kuwawaza.

Kijiji kimechangamka. Kuna karakana ya kuchomelea pale njiapanda, ya kijana mmoja mzawa aliyerudi kutoka Morogoro aliposikia mashine haisimami tena. Kuna mama lishe wawili wa kuwapikia madereva wa malori. Binti wa mwenyekiti bado yuko Arusha. Alikuja mara moja kwa siku nne, nikamkaribisha chai. Alisimama jikoni kwangu akitazama nje, akasema, "Dirisha zuri." Mama yake alikuwa nyuma yetu.

Wiki ijayo tunahamia mashambani. Mwaka huu nimeomba kipande changu mwenyewe, na kikao kimenipa robo eka pembezoni, sehemu ambayo maji huwahi kufika na nguruwe pia. Muuguzi habebi jembe, kazi yake haimruhusu kuondoka, kwa hiyo tumekubaliana kwamba kila Jumapili mmoja wetu wa mashambani atarudi kijijini kulala kwa muuguzi. Zamu ya kwanza ni yangu.