Wageni Walikuta Mkeka wa Mgonjwa Mtupu

Admin, jina langu libaki kwako, maana hapa Rumonge tunajuana wote. Mimi ni mama wa miaka arobaini na minne, nauza mawese sokoni, nina mume na watoto. Mwaka jana niligundulika na kansa ya titi. Siandiki ili mnililie. Nina hasira.

Kwetu mgonjwa ana kazi moja: kulala. Siku niliyorudi na majibu, wifi yangu alitandika mkeka sebuleni, akanifunika kitenge, akaanza kupokea wageni. Walikuja wa Kigwena, wa Magara, hata mahasimu wangu wa sokoni, kila mmoja ananitazama na kutikisa kichwa. Nililala mpaka nikawa nahema kwa kwenda chooni tu.

Daktari wangu wa Bujumbura alipoona ninavyohema alikasirika. "Mama, nani alikwambia ulale?" Akanieleza kwamba uvimbe wa kansa hujijengea mishipa ya damu mibovu, iliyojipinda na kuvuja, kwa hiyo hata dawa inaweza isifike vizuri. Mazoezi ya kila mara yanaimarisha mishipa ya mwili, na watafiti wanachunguza kama yanasaidia hata ile ya kwenye uvimbe. "Siahidi kwamba mazoezi yatakuponya," akasema, "na dawa usiache. Lakini tembea."

Nikatembea. Nilipopata nguvu, daktari akaniruhusu kujiunga na klabu ya michezo ya Jumamosi, wale wanaokimbia barabarani wakiimba. Mimi nakaa nyuma na wazee, natembea haraka, ila kwa kuimba nawashinda wote.

Jumamosi iliyopita wakaja wageni kutoka Kabezi, wamebeba kuku wa kumpa mgonjwa pole. Wakakuta mkeka mtupu. Walipotoka nje, wakaniona napita barabarani, jasho linanitiririka, napiga makofi. Nikawapungia mkono!

Wifi alilia kama kuna msiba. "Mugonjwa gani anakimbia? Unatembeza ile kansa mu damu, itafika mpaka mu kichwa! Na watu watasema tuliwadanganya!"

"Daktari amesema kutembea hakuisambazi," nikamjibu. "Wewe udaktari ulisomea wapi?"

Mume wangu hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma. "Bon. Chagua. Nikikuona tena ku barabara, Bujumbura utaenda peke yako. Mimi sitakuwa tena garde-malade yako."

Garde-malade ndiye anayekaa na mgonjwa hospitali, anampikia, anamfuatia dawa, anamshika mkono akitapika. Yeye ndiye aliyenifanyia yote hayo tangu mwanzo, na tiba yangu inayofuata ni wiki ijayo. Nampenda. Najua pia anaogopa, kwa sababu mama yake aliugua hivihivi, akalazwa mkekani kwa heshima zote, na hakuinuka tena. Lakini mimi si mama yake, na heshima ya namna hiyo siitaki.

Nishaurini, ndugu zangu: mwanaume mwenye hofu anabembelezwaje? Au nipande basi peke yangu na sufuria yangu? Semeni lolote, ila msiniambie nilale. Mkeka nimeshaupeleka uani, nimeanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, juu yake. Anayetaka kunipa pole aje Jumamosi asubuhi, na avae viatu.