Bunduki Yangu Haikosi Tena

Kwa heshima na taadhima nawatangazia: bunduki yangu haikosi tena.

Mwezi mzima nimeifungua na kuifunga barazani, mpaka mke wangu akauliza, "Kwani umenioa mimi au umeioa hiyo?"

Leo ndiyo mashindano ya shabaha ya Idi hapa kwetu Jalan. Mshindi hupewa mbuzi, na mimi nilishamuahidi mama mkwe nyama.

Nikalenga, nikapiga. Katikati kabisa!

Watu wakashangilia, wakamkumbatia shemegi yangu Said, ndugu wa mke wangu.

"Ahsante shemegi," akanambia. "Una mkono mzuri, wallahi."

Haya, niseme kweli. Bunduki haina kosa. Mimi nililenga ubao wa Said, ulio kando ya wangu, na waamuzi hutazama tundu, hawaulizi nani kalitoboa.

Mama mkwe nyama ataila. Dua zote atamuombea mwanawe.

Chekeni tu.