Miguu Miwili ya Mbele

Siku yangu ya kwanza kazini nilifungwa macho kwa shuka. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Garissa, nikakarabati malori ya kubeba kokoto kwa muda, na karakana moja ya Nairobi iliyotengeneza mashine za michezo ikanichukua kwa sababu nilijua haidroliki, yaani nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu. Msimamizi wa Karakana, mtu wa Nyeri asiyecheka, alinikalisha kwenye kiti kilichofungwa juu ya jukwaa la chuma. Mara nikahisi mgongo ukibanwa kwenye kiti.

“Unaenda wapi, kijana?”

“Mbele, bwana. Tena kwa kasi.”

“Toa shuka.”

Nikatoa. Kiti kilikuwa pale pale, kimeinamishwa nyuma kidogo tu.

“Huyu angefika Garissa bila nauli!” fundi mmoja akasema, na karakana nzima ikaangua kicheko.

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Mwili, macho yakiwa hayaoni nje, hauwezi kutofautisha kusukumwa mbele na kulazwa nyuma. Kwa hiyo jukwaa halihitaji kwenda popote. Linasimama juu ya miguu sita ya haidroliki, kila mguu unarefuka na kufupika kivyake, na kwa kuichanganya hiyo sita unaweza kumpa mtu mteremko, kona, mtikisiko au kupaa. Kazi ngumu zaidi ni kulirudisha jukwaa katikati baada ya kila mwendo, polepole kiasi kwamba aliyekaa juu yake asijue. Msimamizi aliita hatua hiyo “kurudi kwa mwizi”. Fundi asiyeiweza alipelekwa kupiga rangi.

Nilianza na vibanda vya sinema zinazotikisika, vile ambavyo watoto hulipia kwenye maonyesho. Baadaye karakana ikapata kazi ya simuleta, yaani vyumba vinavyoiga ndege kwa ajili ya marubani wanafunzi. Nikawa chini ya Mhandisi Mkuu, mama mmoja makini sana. Aliniambia siku ya kwanza, “Kwenye kibanda cha watoto ukikosea, mtoto anatapika. Hapa ukikosea, kosa linapanda ndege na kuondoka.” Nilimwitikia ndiyo, mama. Nilidhani nimeelewa.

Chuo kimoja cha urubani kilipofunguliwa Garissa na kununua simuleta yetu, nilirudi nyumbani kama fundi mkuu wa jukwaa. Nilijivuna, sitaficha. Mimi ndiye niliyepanga miondoko ya viwanja vyetu vya changarawe: upepo wa ubavuni wa Wajir, vumbi la Bura, na ule mtindo wa huku ambao rubani hupita kwanza chini kufukuza mbuzi na ngamia kabla ya kutua. Mbuzi hawana adabu. Wakirudi uwanjani wakati unakaribia kugusa ardhi, unaghairi kutua, unatia nguvu zote na kupanda tena.

Hapo ndipo penye hatari. Injini ikivuta ghafla mgongo unabanwa kitini, na kama vumbi limefunika upeo wa macho, mwili unakuambia kwamba pua ya ndege imepanda mno. Ukiutii, unaisukuma pua chini, na chini kuna ardhi. Simuleta inamzoesha mwanafunzi kuhisi uongo huo na kuamini saa za vipimo zilizo mbele yake badala ya mgongo wake. Inafanya hivyo kwa kurefusha miguu miwili ya mbele kwa nguvu.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, katika joto kali, sili za miguu hiyo miwili, yaani mipira inayozuia mafuta yasitoke, zilianza kuvujisha. Niliagiza nyingine Nairobi, zikachelewa. Nilikwenda kwa Mkuu wa Mafunzo, rubani wa zamani aliyesimama wima hata akinywa chai.

“Fundi, wanafunzi wangu wana mtihani,” alisema. “Tufunge mashine?”

Ningejibu ndiyo, angeifunga. Nasema hivi ili mtu asimlaumu.

“Haifungwi, mkuu. Niachie mimi.”

Nikaingia kwenye kompyuta, nikapunguza mwendo wa miguu ya mbele kwa nusu. Uvujaji ukapungua. Kwenye daftari la hitilafu nikaandika neno moja: Sawa.

Mwanafunzi mmoja aligundua. Hodan alikuwa binti wa Wajir, mwepesi wa mikono na wa maneno. Aliniita adeer, kama huku tunavyomwita baba mdogo.

“Adeer, ndege yako imekula ubwabwa? Naghairi kutua, inanipandisha kama bibi harusi.”

“Wewe ndiye umezoea,” nikamjibu. “Rubani mzuri huona kila kitu laini.”

Alicheka, akaniamini.

Wiki mbili baadaye aliruka na mkufunzi kwenye kiwanja kimoja upande wa Elwak. Kundi la mbuzi likarudi uwanjani, vumbi likapanda, akaghairi kutua. Mgongo wake ukabanwa kwa nguvu ambayo hakuwahi kuihisi kwenye mashine yangu. Akasukuma pua chini. Mkufunzi aliiwahi ndege, lakini magurudumu yalishika ua wa miiba na ikalala kwa tumbo. Walitoka hai. Hodan alivunjika mkono. Chuo kilimsimamisha, na kamati ikapangiwa siku ya kuamua kama atafutwa kabisa.

Nilijua tangu habari ilipofika. Nilikaa kimya siku ishirini na tatu. Nilijiambia kwamba huenda angekosea hata hivyo. Sili zikaja, nikazifunga, nikarudisha mwendo wote, na daftari likaendelea kusema Sawa. Kisha nikaona karatasi ukutani: kamati inakaa Alhamisi. Nilibeba daftari hadi kwa Mkuu wa Mafunzo nikamweleza yote.

Alifungua daftari, akalitazama lile neno moja. “Mbona hukusema siku ile?”

“Niliogopa, mkuu.”

“Na leo huogopi?”

“Naogopa. Lakini Alhamisi wanamfuta.”

Akaahirisha kamati na kutaka Hodan ajaribiwe upya mkono ukipona. Nilimwomba anipe mimi barua ya kumpelekea. Nikapanda pikapu hadi Wajir. Mama yake alinikaribisha kwa chai ya maziwa ya ngamia, akiniita walaal, ndugu yake, kwa kuwa hakujua nimeleta nini. Nilimweleza Hodan mbele ya mama yake.

“Siku ngapi ulijua?” akauliza.

“Ishirini na tatu.”

“Siku ishirini na tatu nimelala hapa nikijua ni mimi.”

Mama yake aliichukua chai yangu, nusu bado imo kikombeni, akaingia nayo ndani.

Hodan alirudi baada ya plasta kutolewa. Niliwasha pampu mwenyewe, Mkuu wa Mafunzo akiwa nyuma yangu. Mbuzi wakatokea kwenye picha, akatia nguvu, miguu ya mbele ikaruka juu. Kwenye skrini nikauona mkono wake ukianza kusukuma usukani. Ukasita. Macho yakashuka kwenye saa, mkono ukatulia, ndege ikapanda. Akarudia mara sita bila kuambiwa. Aliposhuka alimpa Mkuu mkono, akapita karibu yangu kama mtu anayepita karibu na nguzo.

Kamati ilimrudisha. Mimi nilistaafu kabla ya muda wangu, kwa ombi langu, na hakukuwa na sherehe. Siku hizi majukwaa mengi yanatumia mota za umeme, hayavuji mafuta, na vijana wanaoyatengeneza wana elimu kunizidi. Ninachoweza kuwaambia ni hiki: mashine yenu ikipungua, andikeni imepungua kiasi gani, na mwanafunzi akilalamika, shukeni mkapime kabla ya kumjibu.

Nasikia Hodan anapeleka dawa Mandera kwa ndege. Nambari yake ninayo. Sijaipiga, kwa sababu najua angepokea kwa heshima, na heshima hiyo sina haki ya kumdai.