Mkeka Ulioita Ng'ombe

Mwalimu wetu wa umeme chuoni alikuwa na sharti moja: mchezo tutakaowatengenezea watoto wa chekechea lazima uitike. "Mtoto akiugusa, ujibu," alisema. "Usipoitika, mnarudia muhula, kundi zima."

Tulikuwa watatu. Mimi mwenyeji wa Garsen. Wa pili binti wa Wenje, mwenye vidole vyepesi na mdomo usiopumzika. Wa tatu kijana wa Kiorma kutoka Bangale, mpole, ambaye baba yake alishamwambia wazi: akirudia muhula, arudi machungani. Hatukulizungumza hilo, ila kila waya tuliouunganisha tuliuunganisha kwa ajili yake.

Mama yake binti wa Wenje alitupa mkeka. Tukachora juu yake kuku, kiboko na ng'ombe, na chini ya kila picha tukaficha vipande viwili vya bati vilivyotenganishwa na sponji yenye tundu. Mtoto akikanyaga, bati hugusana, spika ikalia. Sauti tulizirekodi kwa simu. Ng'ombe tulimwachia wa Bangale. Nani mwingine?

Siku ya majaribio kwenye uwanja wa chekechea, kuku aliitika vizuri. Kiboko, ambaye kwa kweli alikuwa binti wa Wenje akikoroma, aliwaangusha watoto kwa kicheko. Kisha msichana mdogo akakanyaga ng'ombe.

Ukatoka mluzi. Mrefu, laini, wa kupanda na kushuka.

"Ng'ombe gani huyu apigaye mluzi?" mwalimu aliuliza.

"Umetumaliza, ndugu yangu," binti wa Wenje alinong'ona.

Wa Bangale alishangaa kweli. "Mwalimu, si ulisema sauti ya ng'ombe? Hiyo ndiyo ya kuwaita wanywe maji."

"Ng'ombe hulia mooo."

"Hapo wanaongea wao kwa wao. Hii ndiyo tunayoongea nao."

Mwalimu akatikisa kichwa, akatoa kalamu. Sikuweza kumtazama rafiki yangu usoni. Msichana lakini hakutungoja. Alikanyaga tena, na tena. Barabarani, kundi lililokuwa likipelekwa mtoni likasimama. Pembe zikageuka. Ng'ombe wakaja mpaka kwenye ua wa miiba, wakapenyeza pua zao zenye vumbi, wakatulia wakingoja maji.

Mchungaji akafika akihema. "Nani naita ng'ombe yangu?"

"Huyu hapa, mzee," alisema binti wa Wenje, akiuonyesha mkeka.

Mzee akauinamia, akausikiliza, akamgeukia wa Bangale na kusema jambo kwa Kiorma huku akicheka.

"Anasemaje?" mwalimu aliuliza.

"Anasema mluzi wangu ni wa watu wa juu huko Bangale, lakini ng'ombe wake wamenielewa."

Mwalimu aliwatazama ng'ombe. "Nilisema mchezo uitike," alisema. "Sikusema uitikiwe. Haya, mmepita. Sasa niondoleeni hawa."

Wa Bangale alitoka, akatangulia mbele ya kundi akipiga mluzi uleule, mzee akifuata nyuma. Tulimtazama akiteremka na ng'ombe kuelekea mtoni, na kwa mara ya kwanza muhula ule hatukuogopa kwamba hatarudi.